Mahali pa Mrija

Karakanani walimwita Shangazi. Hata mkuu wa karakana, ambaye alianza kuota mvi wakati yeye bado yumo chuoni, alimwita Shangazi bila kuona haya. Jina lilianza kwa utani. Wiki zake za mwanzo pale aliwakuta mafundi wa rangi wana mtindo wa kuacha brashi na makopo kila mahali, akawafokea kwa sauti ya shangazi aliyekuja kutembea akakuta nyumba haijafagiwa. Mmoja wao akasimama wima akajibu, "Tumekosa, Shangazi," wenzake wakaangua kicheko, na tangu siku hiyo jina lake halisi likabaki kwenye kitambulisho tu.

Kazi yake ilikuwa bodi. Wengine walishika injini, wengine umeme, yeye alishika bati. Helikopta za kikosi cha uokoaji, zile zinazokwenda kuchukua wagonjwa kusikofika gari, zilivaa ngozi nyembamba ya aluminiamu, na kila palipobonyea, palipopasuka au palipohitaji kutobolewa, aliitwa yeye. Alikuwa na viganja vipana, kucha fupi, na kovu jeupe kwenye kidole gumba alilopewa na keekee, mashine ya kutobolea bati, siku aliyokuwa na haraka. Ribiti zake, pini za kuunganishia bati, zilikaa kwa mstari, zimelala sawa na bati, hata ukipitisha mkono huzihisi. Jambo hilo alilijua, wala hakujifanya halijui. Mgeni akisifu kazi hakusema "ah, kawaida tu" kama wafanyavyo wengi. Alisema, "Ndiyo, imekaa."

Ufundi aliukuta nyumbani. Baba yake alikuwa akitengeneza pampu za maji, na familia nzima iliishi vyumba viwili nyuma ya kibanda chake cha kazi, mama akifumia masweta ya wanafunzi katika chumba cha mbele palipokuwa na mwanga. Baba alipokuwa akijaribu pampu alimwita bintiye aweke kidole mbele ya mpira wa maji. "Unasikia yanavyokusukuma? Haya, sasa naongeza." Maji yalikuja kwa nguvu, kidole kikarudi nyuma, mtoto akacheka akarowa. Miaka mingi baadaye, katika chuo cha ufundi, mwalimu alichora ubaoni mrija mfupi unaotazama mbele ya ndege. Akaeleza kwamba upepo huingia mdomoni mwa mrija ukasukuma, na kadiri ndege inavyokwenda kasi ndivyo msukumo unavyozidi, kisha saa yenye mshale iliyo mbele ya rubani hugeuza msukumo ule kuwa mwendo. Darasa zima, wanaume tupu isipokuwa yeye, waliinamisha vichwa kunakili. Yeye alitabasamu. Hilo alikuwa amelijua kwa kidole.

Lakini alikuwa na aibu moja. Mwaka wake wa kwanza karakanani walimpandisha helikopta kumpongeza kwa kazi nzuri. Hata uzio wa uwanja hawajauvuka, akatapika hadi akaijaza kofia yake mwenyewe. Aliporudi chini alikula kiapo: kuzitengeneza, sawa, kuzipanda, basi tena. Wenzake walimtania miaka nenda miaka rudi. Daktari wa samaki asiyejua kuogelea, walimwita. Alicheka nao, ila kila helikopta ilipoondoka na kazi yake mbavuni, alibaki chini akiitazama hadi imekuwa nukta, na moyoni kuna kitu kilichokuwa kikimwasha.

Basi mwaka mmoja, miezi kabla ya mvua kubwa, kikosi kililetewa kamera mpya. Ilikuwa ya duara kama tikiti, ya kufungwa chini ya pua ya helikopta, na uwezo wake ulikuwa kuona mtu juu ya paa au katikati ya maji hata penye ukungu. Shangazi ndiye aliyeifunga. Ilikaa kama imezaliwa pale.

Baada ya safari chache, rubani mkuu, ambaye wote walimwita Kapteni, aliingia karakanani kofia ya kurukia ikiwa kwapani, uso umekunjamana.

"Shangazi, mshale wangu wa mwendo umekuwa mwongo."

"Mwongo kivipi, Kapteni?"

"Napanda mlima, najua kabisa naenda, miti inapita chini yangu, mshale unaniambia nimesimama. Nikiteremka unaniambia nakimbia kama mwizi. Kwenye jua hainisumbui, naangalia nje. Sasa nikiwa ndani ya wingu nitaangalia nini?"

Kapteni hakuwa mtu wa kutia chumvi. Shangazi alikwenda kupiga magoti chini ya pua. Mrija wa mwendo ulikuwa palepale ulipokuwa siku zote, ila sasa mbele yake limekaa lile tikiti la kamera, linaupasua upepo kabla haujafika. Kazi ilikuwa safi. Na ilikuwa imeharibu.

Makao makuu yakamleta mhandisi. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani, umri wa kuweza kuwa mdogo wa mwisho wa Shangazi, na alikuwa na tabia ya kutafuna karanga mfululizo akiwa anafikiri, hivyo kila mtu alijua anafikiri lini. Siku ya kwanza hakufungua kompyuta. Aliizunguka helikopta mara kadhaa, kisha akamwambia Shangazi, "Ndege ya mabawa ina raha yake, upepo inaukuta mbele inauacha nyuma. Hii inajimwagia upepo wake yenyewe kichwani. Ikienda polepole, upepo wa mapanga haya yanayozunguka juu unaifunika mwili mzima kama shuka. Ikikaza mwendo, shuka linavutwa nyuma. Tunatafuta mahali ambapo upepo unafika haujaguswa. Si na mapanga, si na kamera, si na bodi yenyewe."

"Na kama hapapo?"

"Tutatafuta palipoguswa kidogo kuliko kwingine kote."

Mkuu wa karakana, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alisema lake. "Mvua ziko njiani. Mkishindwa, kamera inatoka." Wote walijua kutoka kwa kamera maana yake nini: watu walio juu ya mapaa wasionekane.

Shangazi alikuwa na jibu lake tayari. Alitaka mrija uende juu, kwenye paa, mbele kidogo ya mhimili wa mapanga. Huko hakuna kamera, alisema, na njia ya nyaya ipo. Mhandisi alitaka ubavu wa pua, maana hesabu zake zilimwonyesha kwamba ukikaa mbele unalikwepa lile shuka. Wakabishana juu ya meza ya kazi mpaka chai ikapoa.

"Unajua nini, Shangazi?" alisema Mhandisi mwishoni, akikung'uta maganda ya karanga. "Tuuulize upepo wenyewe. Tubandike vipande vya uzi mwili mzima, tuweke kamera ndogo, Kapteni aruke. Uzi utalala upepo unakoelekea."

"Uzi gani?"

"Wa sufu ndio mzuri. Laini, mwepesi."

"Huo," alisema Shangazi, "nyumbani kwangu tunaukalia."

Mama yake, ambaye sasa alikuwa anaishi naye, alikuwa bado anafuma, ingawa kwa polepole. Jioni ile alimkuta binti yake kapekua kikapu chote.

"Hiyo nyekundu unamfumia nani?"

"Helikopta, mama."

"Helikopta inasikia baridi?"

"Tunataka kuuona upepo unavyopita juu yake."

Mama aliweka sindano zake pajani akafikiri. "Basi nyekundu acha. Helikopta yenu si nyekundu ubavuni? Uzi utapotea. Chukua hii ya manjano." Na hakukubali mtu mwingine akate. Alivikata vipande mwenyewe, vyote sawa, akavipanga juu ya kitambaa kama vitu vya kwenda harusini.

Asubuhi moja iliyotulia, kabla upepo wa mchana haujaamka, Kapteni aliruka na helikopta iliyoota nywele za manjano kuanzia puani hadi kwenye mlango. Wafanyakazi wa uwanjani walitoka kushangaa. Baadaye karakana nzima ilijazana ofisini nyuma ya kompyuta kutazama picha.

Penye mwendo wa kasi, nyuzi za paani zililala nyuma vizuri, kama nywele zilizochanwa. Shangazi akakaa mguu sawa. Kisha Kapteni akapunguza mwendo, na nyuzi zilezile zikapigwa chini zikabandikana na bati. Alipopanda, zikaanza kuzunguka kama zimepandwa na pepo, nyingine zikageuka kutazama mbele.

"Paa langu limekufa," alisema Shangazi.

Mhandisi hakucheka. Alimsogezea mfuko wa karanga, wakaendelea kutazama. Ikafika zamu ya pua. Ubavuni nyuzi zilivumilia mwendo wa polepole, lakini karibu na kamera zilikwenda upande, zikacheza, zikapigana zenyewe kwa zenyewe.

"Na pua yangu inaumwa," alisema Mhandisi, akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, ingawa haikuwa na uchafu.

Wote wawili walikuwa wameshindwa mbele ya watu, na ajabu ni kwamba kuanzia saa ile ndipo walipoanza kufanya kazi vizuri. Wakairudisha picha mwanzo. Wakaitazama tena, polepole, wao wawili tu, wengine wameshaondoka. Ni Mhandisi aliyeweka kidole kwenye kioo cha kompyuta. Kwenye kona ya juu ya pua, chini ya dirisha la mbele, upande wa kushoto, palikuwa na uzi mmoja ambao mama alikuwa ameukata mrefu kuliko wenzake, labda macho yalimdanganya. Shina lake lilitetemeka kama nyuzi nyingine. Ncha yake ilikuwa imenyooka.

"Ncha imetoka kwenye vurugu," alisema Shangazi taratibu. "Vurugu imeganda kwenye ngozi. Ukitoka nje kidogo, pametulia."

"Basi mrija tuutoe nje," alisema Mhandisi. "Unaweza kunitengenezea mkono wa kuubeba?"

"Niambie urefu tu, mwanangu."

Urefu wa kwanza uliotoka kwenye hesabu ulikuwa kama mkono wa mtu mzima, bega hadi vidole. Shangazi aliutengeneza, akaufunga, Kapteni akawasha injini hapo hapo chini, na mapanga yaliposhika kasi mkono ukaanza kutetemeka kama mwenye homa.

"Huo mkono au mkia wa mbwa?" alipiga kelele mkuu wa karakana.

Wakaufupisha. Ukatulia, lakini mdomo wa mrija ukarudi kwenye vurugu na mshale ukaanza uongo upya. Wakaurefusha kidogo. Ukatetemeka kidogo. Mhandisi alikuwa anatafuna karanga hata anaposema na simu. Shangazi akaona kwamba shida haikuwa urefu peke yake, ilikuwa umbo. Mkono wa bomba la duara haujui kukataa kutikiswa. Akautupa. Akachonga mwingine, mpana kwenye shina na mwembamba nchani, bapa kama jani, akaupiga tupa na msasa mpaka ukingo wake ukawa laini, akauwekea nguzo ndogo chini ya kwapa. Mdomo wake aliuinua juu kidogo tu, kadiri Mhandisi alivyomwomba, kwa sababu upepo wa mapanga hata pale ulifika ukishuka kutoka juu. Alipoushika mkononi ulikuwa mwepesi kuliko kitabu cha shule. Aliuweka juu ya meza, akarudi nyuma hatua kadhaa, akautazama.

"Umekaa," alisema.

Chini ulitulia kabisa. Angani Kapteni aliripoti kwamba mshale unasema kweli karibu kila mahali, isipokuwa anapopanda kwa nguvu. Hapo ulikuwa unachezacheza. Kamera ndogo nazo zilitikisika hapohapo, picha zikawa ukungu mtupu.

"Kuna kitu," alisema Mhandisi, amechoka. "Namba zinaniambia kipo, ila sikioni. Mimi huko juu macho yangu yako kwenye vipimo. Kapteni macho yake yako mbele. Anatakiwa mtu anayeujua mkono huu, akae upande wake, autazame tu."

Watu waliangaliana, kisha kila mmoja akatafuta pengine pa kuangalia. Mkuu wa karakana alikohoa. Shangazi alikuwa anafuta tupa kwa kitambaa. Aliifuta mpaka ikang'aa, akaiweka kwenye sanduku, akafunga sanduku.

"Nitapanda."

Kapteni alimsogelea. "Shangazi, una uhakika?"

"Usiniulize mara ya pili, Kapteni, nitasema hapana."

Walimfunga mikanda kwenye kiti cha kushoto mbele, mfuko wa karatasi mapajani, Mhandisi nyuma na vipimo vyake. Ardhi ilipoachia, aliukamata mfuko kwa mikono miwili. Akauma meno. Hakutazama chini, hakutazama mbali. Alitazama mkono. Ulikuwa pale nje ya kioo, karibu kiasi cha kuguswa, umetangulia mbele ya kila kitu, unakula upepo. Kazi yake aliyozoea kuiacha iondoke, leo alikuwa ameifuata.

Waliruka kwa mstari mmoja kwenda na kurudi, ili upepo wa siku ile ujifute wenyewe kwenye hesabu, Kapteni akitaja alichokisoma kwenye mshale, Mhandisi akilinganisha na mwendo aliokuwa anaupata kutoka kwenye setilaiti. Polepole, kasi, kasi zaidi. Mkono haukutikisika. Kisha Kapteni akasema, "Haya, napanda," na helikopta ikainua pua.

Shangazi alihisi mtetemo kwenye nyayo kabla ya kuuona. Akasogeza uso hadi kwenye kioo. Mkono ulikuwa umenyooka, shwari. Lakini pale uliposhikana na mwili wa helikopta, bati la pua lilikuwa linavimba na kunywea, linavimba na kunywea, kama koo la chura.

"Si mkono!" alisema kwenye kipaza sauti. "Mkono hauna kosa. Ni ngozi. Ngozi inapumua! Nikiweka bati la pili kwa ndani, nikalitandaza hadi kwenye mbavu za kushoto na kulia, itanyamaza."

"Una hakika?" aliuliza Mhandisi.

"Naiona kwa macho yangu."

Na hapo ndipo alipotapika. Alitapika, ndiyo, na karakana nzima ilikuja kulijua hilo, lakini alitapika akiwa ameshamaliza kusema.

Bati la pili alilipiga mwenyewe, amelala chali ndani ya pua, miguu ikining'inia nje. Waliporuka tena, na yeye yumo, na mfuko umo lakini haukutumika, Kapteni alipanda, akateremka, akaenda polepole kama anayetembea, akakaza. Namba za Mhandisi na namba za mshale zikawa zinatajwa moja baada ya nyingine, na kila mara zikifanana, mpaka Mhandisi akaacha kuzisoma kwa sauti ya kazi akaanza kuzisoma kwa kucheka. Kapteni aligonga kioo cha saa ya mwendo kwa kucha. "Mzee ameokoka," alisema. "Ameacha uongo."

Mkaguzi wa usalama wa anga alikuja akiwa na tai na tochi. Alikagua kila kitu, akauliza maswali magumu, akajibiwa. Mwishoni alipitisha kiganja juu ya mkono ule, kutoka shinani hadi nchani, akasita.

"Nani kachagua mahali hapa?"

"Sisi watatu," alijibu Shangazi, akiwaonyesha Mhandisi na Kapteni. "Lakini bati ni langu."

Mkaguzi alimtazama, kisha akatazama ribiti. "Inaonekana," alisema, akaidhinisha.

Mvua zilikuja kama zilivyotabiriwa, na kuzidi. Alfajiri moja Kapteni aliondoka kwenda kwenye bonde lililojaa maji, wingu limekaa juu ya uwanja kama mfuniko. Karakanani kila mtu alishinda akijifanya ana kazi. Aliporudi, walishuka watu waliofunikwa mablanketi, akiwemo mama aliyeshika kitoto kifuani, wote walikuwa wameonwa na kamera juu ya paa la shule. Kapteni hakwenda kunywa chai kwanza. Alimtafuta Shangazi.

"Njia nzima ya kurudi nilikuwa ndani ya wingu," alimwambia. "Sikuona hata pua yangu. Nilikuwa na mshale tu. Nikauamini."

Shangazi alitikisa kichwa kukubali. Akaenda kwenye helikopta, akaufuta tope ule mkono kwa mkono wa ovaroli yake, akasimama pale kifua mbele, na hakujali nani anamwona.

Habari zilienea. Baada ya mvua kukatika, kituo kingine cha uokoaji, chenye kamera ileile na shida ileile, kilimwomba aende kuwafungia mkono kama ule. Alikwenda kwa helikopta, amekaa kiti cha kushoto mbele. Wenyeji walimpokea kwenye karakana yenye mwanga mzuri, helikopta yao mpya inang'aa, ngozi haina hata mkwaruzo. Shangazi alipitisha viganja kwenye pua ya helikopta taratibu kama anayempima mtoto homa, akapima kutoka kwenye dirisha, akapima kutoka kwenye ubavu, akaweka alama ya chaki.

"Hapa."

Mafundi wenyeji waliangaliana. Hakuna aliyenyoosha mkono kuichukua keekee. Kutoboa bati jipya, la helikopta ya gharama ile, mahali ambapo kiwanda chenyewe hakikutoboa, si mchezo.

"Nishikieni taa," alisema Shangazi. Akavaa miwani ya kazi, akaegemeza bega, akatoboa.